Kiwanja Kwanza, Matofali Baadaye
(Maneno ya Mratibu wa Miradi kwa kamati za ujenzi, Kinyangiri)



Nimepita nikaona tanuri la matofali ya nyumba ya mwinjilisti limeshapangwa. Kabla hamjawasha moto, naomba mnisikilize.

Miaka ya nyuma nilisimamia nyumba kama hii katika mtaa mwingine. Kiwanja tulipewa kwa mdomo na mzee mmoja wa kanisa. Alipofariki wanawe walikidai, nasi hatukuwa na hata kipande cha karatasi. Nyumba ilikuwa imefika kwenye lenta. Fedha za wafadhili zimebaki pale hadi leo, na aliyesaini ni mimi.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inatambua kuwa ardhi ina thamani. Tena Halmashauri ya Kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Basi anayetoa kiwanja aje na familia yake, uamuzi uandikwe katika muhtasari.

Na tanuri hilo linakula miti, wakati Mkalama yetu ni kame. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umekuwa ukihimiza matofali ya kufungamana: udongo, saruji kidogo na mashine ya mkono. Hayachomwi, humwagiliwa maji kivulini siku 7 au zaidi. Wazee wetu walijenga tembe kwa udongo huu huu, tusiudharau.

Wafadhili wamekubali kununua saruji. Kamati itakayoniletea muhtasari wa Mkutano Mkuu ndiyo itakayopewa kwanza.