Ngitili na Setilaiti



Nimeombwa nizungumzie teknolojia mpya na maarifa ya jadi katika kukabili mabadiliko ya tabianchi. Nitazungumzia mkoa mmoja tu, Shinyanga, maana huko swali la namna viwili hivyo vinavyoweza kufanya kazi pamoja limekwisha kujibiwa ardhini.

Wasukuma wana utaratibu uitwao ngitili. Mvua zikianza, kaya au kijiji hufunga sehemu ya malisho, ng'ombe wasiingie. Nyasi hukua, hukomaa, hukauka zikiwa zimesimama. Kiangazi kikikaza, eneo hufunguliwa kidogo kidogo kwa ajili ya ndama, na wanyama wazee na wagonjwa wasioweza kufuata malisho ya mbali. Anayeingiza mifugo kabla ya wakati huitwa mbele ya dagashida, baraza la wanakijiji, akatozwa faini.

Utaratibu huu ulikaribia kufa, na haukuuawa na ukame. Enzi za ukoloni vichaka na misitu vilifyekwa ili kuangamiza mbung'o. Pamba nayo ikadai mashamba. Kisha uhamishaji wa watu vijijini katika miaka ya 1970 ukawatenga wengi na ngitili zao, na mipaka iliyokuwa ikiheshimiwa ikakosa wa kuilinda. Yote hayo yalifanywa kwa jina la maendeleo, na mengine kwa ushauri wa wataalamu. Sisi wa vyuo vikuu tusiyasahau.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Mwanzoni nguvu zilielekezwa kwenye vitalu na miche, mingi ikiwa ya miti ya kigeni. Lakini visiki na mizizi ya miti ya asili vilikuwa bado hai chini ya ardhi. Kilichohitajika ni kufunga eneo na kuwa na watu wa kulisimamia, na watu hao walikuwepo. Ngitili zilizokuwa zimesalia mwaka 1986 zilikadiriwa kuwa hekta 600 hivi. Mradi ulipokwisha mwaka 2004, zilikuwa zimepita hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800.

Sayansi ilikuwa na kazi yake, na kubwa: watafiti walichunguza miti, wakapima udongo, wakashauri. Leo setilaiti inaonyesha wapi uoto umerudi na wapi umekatwa. Haionyeshi nani aliamua eneo lifungwe, wala nani atamkabili mwenye ng'ombe wengi anayevunja mpaka. Ndiyo maana sikubaliani na wanaoyaona maarifa ya jadi kuwa ni orodha ya ishara tu, ndege huyu na ua lile, zinazosubiri kuingizwa kwenye kompyuta. Nguvu ya ngitili imo katika mamlaka ya watu kuamua pamoja na kutiiwa.

Wala mamlaka hayo hayana utakatifu. Mwenye ardhi kubwa hunufaika na ngitili kuliko asiye nayo, na misimu inayoyumba inaweza kumdanganya hata mzee mzoefu. Hapo ndipo utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa unapohitajika, ilimradi ufike kwenye dagashida kabla tarehe ya kufunga haijapangwa, uelezwe kwa Kisukuma, na wafugaji wapate nafasi ya kumhoji mtabiri.

Jambo la haraka zaidi ni biashara ya kaboni, yaani malipo kwa kutunza miti inayohifadhi kaboni. Popote malipo yatakapohesabiwa kwa miti inayoonekana kutoka angani, mwenye picha atakuwa na nguvu kuliko mwenye ngitili. Naomba idara zetu za jiografia na sheria zikae pamoja mwaka huu, ziwafundishe vijana wa vijijini kusoma picha hizo na ramani zinazotokana nazo, na ziandae mfano wa mkataba utakaokipa kijiji haki ya kuzimiliki, kuzipinga na kuzirekebisha kabla ya kutia saini.