Kukaza kwa Misuli ya Wazee na Hatari ya Kwinini



Yako maradhi yanayotangazwa kila siku, na yako mateso ambayo hayatangazwi kwa sababu hayaui. Mojawapo ya mateso hayo ni kukaza kwa misuli, hasa ule wa shavu la mguu, ambako huwapata wazee wengi wakati wa usiku. Mzee huamka ghafla, msuli umekuwa mgumu kama jiwe, vidole vya mguu vimejikunja, na kwa muda wa dakika chache hawezi kulala wala kusimama. Maumivu yakiisha, uchungu wa msuli huweza kubaki hata kesho yake. Wengine husema mshipa umekaza, na wengine hudhani ni upepo mbaya. Wengi hunyamaza, wakiamini kwamba uzee hauna dawa.

Ni kweli kwamba umri una sehemu yake katika jambo hili. Msuli hukaza kwa amri ya mishipa ya fahamu itokayo katika uti wa mgongo. Kadiri mtu anavyozeeka, baadhi ya mishipa hiyo hufa, misuli hupungua, na kano hufupika kwa kukosa kunyooshwa. Mtu anapolala huku nyayo zimeelekea chini, msuli wa shavu la mguu huwa tayari umejikunja. Mshtuko mdogo tu wa fahamu hutosha kuukaza kabisa.

Lakini umri si sababu pekee. Kusimama kutwa nzima, ugonjwa wa kisukari, maradhi ya figo na ya ini, pamoja na kuziba kwa mishipa ya damu ya miguuni, yote huweza kuleta hali hii. Vivyo hivyo baadhi ya dawa, zikiwemo zile za kuongeza mkojo ambazo wagonjwa wengi wa shinikizo la damu hupewa. Mzee anayeona kwamba miguu ilianza kukaza baada ya kupewa dawa mpya hana budi kumweleza mganga wake. Asiiache dawa hiyo kwa uamuzi wake mwenyewe, maana shinikizo la damu lisilotibiwa ni hatari kubwa kupita maumivu ya usiku mmoja.

Sasa swali ni hili: Je, mzee huyo atumie nini?

Wako watakaomshauri alambe chumvi. Ushauri huo una asili yake. Katika miaka ya 1920 ilionekana huko Uingereza kwamba wachimba makaa ya mawe, waliotokwa na jasho jingi chini ya ardhi na kunywa maji matupu, walikazwa na misuli, na maji yaliyotiwa chumvi kidogo yaliwasaidia. Lakini hao walikuwa wanaume wenye nguvu, wakifanya kazi ngumu katika joto kali. Mzee aliyelala kitandani hakupoteza chumvi ya namna hiyo, na akiwa na shinikizo la damu, chumvi ya ziada humwongezea maradhi.

Wako pia watakaomshauri ameze kwinini, na hapa ndipo penye hatari kubwa zaidi. Kwinini ni dawa inayojulikana sana katika sehemu hii ya Afrika. Mti wa sinkona, ambao asili yake ni milima ya Amerika ya Kusini, ulipandwa na Wajerumani huko Amani katika milima ya Usambara. Katika nchi jirani ya Kongo ulilimwa tangu enzi za Wabelgiji katika milima ya Kivu, na magome yake yamesindikwa kuwa dawa katika mji wa Bukavu. Dawa hiyo, iliyotengwa kwa mara ya kwanza mjini Paris mwaka 1820, imeokoa maisha ya watu wengi mno waliougua malaria.

Mwaka 1940 waganga wa Marekani waliandika kwamba kwinini iliwapunguzia wagonjwa maumivu ya miguu ya usiku. Tangu hapo ikawa desturi katika nchi za Magharibi kuwapa wazee kidonge cha kwinini kabla ya kulala. Hata hivyo, uzoefu wa miaka mingi ulidhihirisha kwamba faida yake ni ndogo na madhara yake ni mazito. Kwinini huweza kuharibu mapigo ya moyo, na kwa baadhi ya watu huangamiza chembe zinazogandisha damu, hata wakatokwa na damu isiyozuilika. Wale waliowahi kuimeza kwa ajili ya malaria wanaukumbuka mvumo wa masikio. Mvumo huo ni onyo la mwili. Mwaka 1994 serikali ya Marekani iliamuru isiuzwe tena bila cheti cha daktari kwa ajili ya kukaza kwa misuli, na mwaka 2010 wakuu wa dawa wa Uingereza walishauri isiwe dawa ya kawaida ya maradhi hayo. Kwa hiyo, vidonge vilivyobaki kabatini si vya kugawana na babu au bibi.

Jambo la kutia moyo ni kwamba ipo njia isiyogharimu hata senti. Mwaka 2012 wataalamu wa Uholanzi walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya watu 80 wenye umri wa zaidi ya miaka 55. Walionyoosha misuli ya miguu kila siku kabla ya kulala, kwa majuma sita, walipungukiwa na maumivu kuliko wasionyoosha. Mzee na asimame mbele ya ukuta, aushike kwa viganja, mguu mmoja uwe nyuma na kisigino kikiwa chini, kisha ainame mbele polepole hadi ahisi shavu la mguu likivutika. Ahesabu hadi thelathini, apumzike, na kurudia mara tatu kwa kila mguu. Blanketi lisikazwe hata likabana vidole. Na msuli ukikaza, avute vidole kuelekea goti, au asimame akikanyaga chini kwa uangalifu huku ameshikilia kitu imara, asije akaanguka gizani.

Ziko dalili zisizofaa kungoja. Mguu mmoja ukivimba na kuwa moto, maumivu yakija kila mtu atembeapo na kuisha apumzikapo, au mguu ukilegea na kufa ganzi, mgonjwa apelekwe hospitali. Taya likikaza na mwili kukakamaa baada ya jeraha, hiyo huenda ikawa pepopunda, na haina subira hata ya saa moja.

Wahenga walisema, kinga ni bora kuliko tiba. Mganga na amwulize mzee habari za usiku wake, na vijana wa nyumbani wamsaidie kusimama mbele ya ukuta jioni. Kumheshimu mzee ni pamoja na kumwezesha alale usingizi.