Witu: Dola Iliyotolewa kwa Mkataba



Mwaka 1885 Sultani Ahmed wa Witu, aliyeitwa Simba, Mnabahani aliyehama Pate, alikubali ulinzi wa Ujerumani ili asimezwe na Zanzibar. Tarehe 1 Julai 1890 Ujerumani ikawaachia Waingereza Witu, nayo katika mkataba huo ikapata kisiwa cha Helgoland. Mrithi wake, Fumo Bakari, hakuulizwa. Oktoba hiyo, baada ya Wajerumani kadhaa kuuawa huko, Waingereza waliuteketeza mji.

Husemwa fahali wakipigana nyasi huumia. Witu iliumia fahali walipopatana. Vijana, kesho mtatia sahihi kwa niaba ya wengine. Ulizeni kwanza mlinzi wenu anaweza kuwatoa kwa nani.