Ini, Sahani na Lehemu ya Damu



Mwaka 1964 mtafiti wa Kimarekani, George Mann, na wenzake walichapisha matokeo ya kuwapima wanaume 400 wa Kimaasai hapa kwetu Tanzania. Waliishi kwa maziwa na nyama, lakini lehemu, yaani kolesteroli, ilikuwa chini katika damu yao. Mpaka leo wapo wanaoutaja utafiti huo wakitaka kuhalalisha kila kipande cha nyama ya mafuta. Hawataji kilichofuata. Mwaka 1972 Mann alieleza uchunguzi wa mioyo ya Wamaasai 50 waliofariki: kuta za mishipa ya moyo zilikuwa zimenenepa kwa mafuta sawa na za wazee wa Marekani. Kilichowanusuru ni kwamba mishipa yao, kwa watu wale wa kutembea mchana kutwa, ilikuwa imetanuka na damu ikapita.

Ili kuelewa nafasi ya chakula, tuanze na ini: sehemu kubwa ya lehemu iliyo mwilini mwetu hutengenezwa na mwili wenyewe, na ini ndilo linaloiondoa kwenye damu. Michael Brown na Joseph Goldstein walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985 kwa kuonyesha namna: juu ya seli za ini kuna vipokezi vinavyonasa chembe za LDL, ile lehemu mbaya inayoandikwa kwenye cheti cha maabara, na kuziingiza ndani. Vipokezi vikipungua, LDL huzunguka muda mrefu na kujipenyeza kwenye kuta za mishipa. Samli, mafuta ya mgando na tui zito la nazi huvipunguza. Ndiyo maana sahani ina uzito wake.

Lakini wapo waliozaliwa na vipokezi pungufu. Mtu wa namna hiyo anaweza kuwa mwembamba, mkulima wa jembe la mkono, asiyegusa chipsi, na LDL yake ikapita miligramu 190 kwa desilita. Mtazameni nyuma ya kifundo cha mguu: pengine kano ya kisigino imevimba na ina vinundu vigumu. Hiyo ni lehemu iliyojikusanya. Kumwambia huyu apunguze mafuta tu, kisha aende zake, ni kumtelekeza.

Kinyume chake kilionekana Zimbabwe, kwa mama kijana aliyehudhuria kliniki ya wajawazito. Alirithi kwa wazazi wote wawili hitilafu katika PCSK9, jeni ambayo kazi yake ni kuharibu vipokezi. LDL yake ilikuwa kama 15 tu, naye alikuwa mzima wa afya. Sindano mpya za kuzuia PCSK9 zinaiga hali hiyo.

Vidonge vya statini hupita njia nyingine: hulipunguzia ini uwezo wa kutengeneza lehemu, nalo likaongeza vipokezi. Utafiti wa nchi za Skandinavia wa mwaka 1994, wenye wagonjwa wa moyo 4,444, ulionyesha vifo vikipungua kwa asilimia 30. Wagonjwa wetu huacha vidonge hivyo cheti kikisoma vizuri, na hilo linaniuma, kwa sababu cheti kimesoma vizuri kwa ajili ya vidonge. Ukiviacha, LDL hurudi ilikokuwa ndani ya wiki chache.

Kwa hiyo nawaomba: ambaye baba au kaka yake alipata mshtuko wa moyo kabla ya miaka 55, au mama au dada yake kabla ya 65, akapime, hata kama hasikii maumivu yoyote. LDL ikikutwa juu sana, watoto wake nao wapelekwe.