Chupa Tupu Irudi Mfukoni

Wapanda baiskeli wa Goma, leo tunasema nanyi. Tangu Aprili 2021, shirikisho la dunia la mchezo wa baiskeli, UCI, linamwadhibu mshindani anayetupa chupa nje ya eneo lililotengwa. Kwetu, nyuma yako hakuna mwamuzi. Chupa uliyoiacha barabarani mvua huisukuma mpaka Ziwa Kivu. Maji ya ziwa hutoka huko Bukavu kupitia mto Ruzizi, na hapo plastiki huziba mitambo ya bwawa linaloleta umeme hadi Goma. Taa zikizimika, tusiilaumu SNEL, kampuni ya umeme, peke yake! Mwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao, husukuma magunia ya makaa. Wewe chupa tupu yakushinda? Waandaaji wa mashindano, wekeni mapipa njiani, na atakayetupa ovyo mwondoeni.