Hotuba juu ya Waoshao Kuta na Madirisha ya Majumba Marefu



Nimeombwa niseme machache juu ya jambo ambalo wengi wetu hulitazama mara kwa mara, walakini hatulifikiri, nalo ni kazi ya watu waoshao kuta na vioo vya nje vya ofisi zetu. Huenda mtauliza, kazi hiyo yatuhusu nini sisi watu wa kalamu na majalada? Jibu langu ni kwamba mara nyingi hatari ya mtu yule huanza juu ya meza ya karani, kabla yeye hajakanyaga ngazi.

Kwanza na tuipime hatari yenyewe. Mtu aangukaye kutoka urefu wa mita 5 hufika chini katika muda wa sekunde moja, naye huipiga ardhi kwa mwendo wa kama kilomita 36 kwa saa. Tena mita 5 si mnara. Ni dirisha la ghorofa ya kwanza tu. Katika sekunde moja hapana nafasi ya kushika kitu. Basi yule asemaye, "Hapa si juu sana," hajapima.

Ngazi ina kanuni yake, nayo ni nyepesi: ikiwa kichwa chake chaegemea ukuta mita 4 juu ya ardhi, miguu yake na iwe mita 1 mbali na ukuta. Ikisimama wima mno humpindua mtu kwa nyuma. Ikilala mno miguu yake huteleza. Na mwoshaji ana taabu asiyokuwa nayo fundi wa rangi, maana maji yake ya sabuni hutiririka mpaka chini, yakalowesha sakafu ile ile inayoishika ngazi yake.

Lakini baya kupita ngazi ni ukingo wa dirisha. Mtu hutoka nje, akasimama juu ya ukingo usiozidi upana wa mguu, mkono mmoja washika fremu, wa pili una kitambaa. Nasi tulio ndani humpokeza ndoo, tukaendelea na barua zetu! Fremu ile pengine imeliwa na mchwa, au katika miji ya pwani bawaba zake zimeliwa na chumvi ya bahari. Wala paa si mahali pa kuaminiwa. Mabati ya asbesto ya majengo ya zamani huonekana magumu kama sakafu, kumbe hupasuka chini ya uzito wa mtu mmoja.

Ama habari ya kamba, hapo yataka maneno zaidi. Kamba ya katani huoza kwa unyevu na jua, na kuoza kwake huanza ndani, mahali pasipoonekana. Ya nailoni ina nguvu nyingi, lakini huharibiwa na asidi, na asidi ndiyo itumikayo pengine kuondoa madoa ya saruji ukutani. Na kamba yo yote ikisuguana na pembe kali ya ukingo wa paa, hukatika. Kwa sababu hiyo mtu aningíniaye yafaa awe na kamba mbili, kila moja imefungwa mahali pake, ya kwanza ya kufanyia kazi na ya pili ya kumwokoa. Mkanda wake nao usiwe wa kiunoni tu, bali ushike mapaja na mabega. Tena wawepo watu walio tayari kumteremsha upesi, maana mtu aliyening'inia bila kusogea damu yake hutuama miguuni, akaweza kufa huku kamba haijakatika.

Tarehe 7 Desemba 2007 ndugu wawili waosha vioo huko New York walikuwa juu ya jumba la ghorofa 47, katika jukwaa lao la kuning'inia. Kamba za jukwaa ziliachia huko juu ya paa, wakaanguka zaidi ya mita 140. Mmoja alikufa, na wa pili akaishi, jambo lililowashangaza hata waganga. Watu hupenda kusimulia ajabu ya yule aliyeishi. Mimi naona habari iliyo kubwa ni ile ya paani: kamba hazikufungwa kama ipasavyo.

Wako wasemao kwamba watu wetu wa pwani wamekwea minazi tangu zamani bila mkanda wo wote. Ni kweli, na wakwezi wengi wameanguka pia. Lakini mnazi hukumbatiwa, na mkwezi hukata vidato vyake mwenyewe. Ukuta wa kioo utaukumbatia wapi?

Sasa nirudi mezani petu. Zinapoletwa bei za wakandarasi, ya chini kuliko zote husifiwa. Ni nadra karani kuuliza imekuwaje ikawa chini. Sabuni bei yake ni moja kwa wote. Kilichopunguzwa ni jukwaa, ni kamba ya pili, ni mtu wa kusimama chini. Kisha huja mgeni mkubwa, ikaandikwa amri kwamba vioo vyote ving'ae kabla ya Jumamosi, hata kama upepo wavuma. Aliyeiandika amri hiyo yu salama kitini pake.

Sheria zipo. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na Kenya ina yake ya mwaka 2007. Mkataba wa 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, wasema kwamba mfanyakazi ajitengaye na kazi iliyo na hatari kubwa ya papo hapo, kwa sababu ya haki, asiadhibiwe kwa hilo. Lakini kibarua wa kutwa hausomi mkataba huo. Na akikataa kupanda leo, kesho nafasi yake ina mwingine.

Kwa hiyo naleta shauri hili mbele ya mkutano, nalo ni dogo. Kila mwanachama aandikaye barua ya kuagiza kazi hii, aongeze kwamba gharama ya majukwaa, kamba na mikanda ionyeshwe peke yake, mbali na bei ya kuosha, na ikikosekana bei ile irudishwe kwa mwenyewe. Namwomba Bwana Katibu alipigishe kura.