Aliyesimama Kando ya Kamera



Mwaka 1916 D. W. Griffith alitoa filamu ya Intolerance, ambayo kwa ajili yake Babeli nzima ilijengwa huko Hollywood. Kati ya wasaidizi wake alikuwemo W. S. Van Dyke, mzaliwa wa San Diego. Mwongozaji msaidizi wa zama zile alihakikisha watu wamefika alfajiri, wamevaa, wamekula, na wanajua waelekee wapi ishara ikitolewa. Jua likizama kabla picha haijapatikana, lawama zote zake. Baadaye Van Dyke alipata sifa ya kupiga picha upesi.

Mwaka 1929 kampuni ya MGM ilimtuma Afrika Mashariki, sasa mwongozaji kamili, kutengeneza Trader Horn. Msafara ulizunguka Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo ya Wabelgiji, mpaka maporomoko ya Murchison, na mitambo mizito ya kunasa sauti. Yule aliyekuwa msaidizi sasa alihitaji wasaidizi, na wengi walikuwa watu wetu: wapagazi, wapishi, wakalimani, wafuata nyayo. Mutia Omoolu alitajwa kwa kuwa aliigiza mbele ya kamera, na alipelekwa hadi Hollywood kumalizia kazi. Simulizi za filamu ile hutaja pia Mwafrika aliyechukuliwa na mamba, na mwingine aliyeuawa na kifaru. Jina hakuna. Filamu ilitoka 1931, ikashindania Oscar ya filamu bora, na mabaki ya picha zake yakatumika katika Tarzan the Ape Man ya 1932. Jasho la watu wale liliuzwa mara mbili. Kwangu hili ni deni.

Nalisema hapa Mpanda kwa sababu kazi hiyohiyo ya usaidizi inafanyika katika Hifadhi ya Katavi. Kiangazi kikikolea, Mto Katuma hubaki madimbwi, na viboko kwa mamia hubanana kwenye tope pale Ikuu, madume wakiraruana kwa meno. Wapiga picha huja kutoka mbali kwa ajili ya hilo. Ni nani ajuaye dimbwi lipi bado lina maji? Gari lisimame upande gani ili jua la asubuhi liwe mgongoni? Dume akianza kutoka majini, ni wakati gani wa kurudi nyuma? Ni kijana wa hapa. Yeye ndiye anayepanga siku nzima ya kazi, lakini kwenye karatasi ameandikwa dereva.

Napendekeza Bodi ya Filamu, inapotoa kibali kwa kampuni ya nje, idai orodha ya wasaidizi wenyeji, na majina yao yaonekane mwishoni mwa filamu. Nasi wa vyuo, ikiwemo Kampasi ya Mizengo Pinda iliyopo mkoani humu, tuwarekodi wazee waliowahi kuongoza misafara ya wapiga picha. Tuanzie kijiji cha Sitalike, kiangazi hikihiki.